Ukoko wa Bi Mahini

Tangu nirudi, kila anayepita pale kwenye mashine yangu ya kukoboa mchele ananiuliza: enhe, huko Kanada kulikuwaje? Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikifika pazuri mtu ananikatiza kuuliza habari ya baridi. Sasa nimekaa niandike. Shule niliishia darasa la tatu, lakini barua zangu zote nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuzirudisha kwamba hazisomeki.

Wengi mnajua nilichoendea. Binti yangu Rehema, yuko Toronto mwaka wa tisa huu, alipata mchumba Mwajemi, kijana wa Irani anayeitwa Kave. Walikubaliana hawafungi ndoa mpaka mimi niende, nikae na mama wa kijana, nile kwao, halafu niseme ndiyo au hapana. Rehema aliniambia kwenye simu, "Mama, ukikataa siolewi naye." Laiti angesema ataolewa nitake nisitake, ningelala usingizi. Sasa aliniachia mzigo wote mimi.

Baba yake ni marehemu. Kwa hiyo nilisafiri na shemeji yangu Athumani, baba yake mdogo, ambaye ndiye walii, wa kumwozesha. Habari za viza na tiketi siandiki. Zinachosha hata kuzikumbuka.

Morogoro mpaka Dar

Treni ya umeme mnaijua, sina la kusema, ilitufikisha kabla Athumani hajamaliza karanga zake. Shida ilikuwa uwanja wa ndege. Begi letu lilipowekwa kwenye mizani, binti wa pale akasema limezidi, tupunguze. Akalifungua, akakuta mchele wa Ifakara umelijaza nusu nzima, akaniambia, mama, huko uendako mchele upo. Nikamwambia upo, lakini haukukobolewa na mimi.

Tukapunguza suruali za shemeji. Zilikuwa nne, tukazitoa zote, tukambakizia ile aliyovaa. Aliyekuja kutusindikiza akazirudisha Morogoro. Athumani akaendelea na karanga zake. Huyu mtu kwa hulka yake hasemi, yeye anakula na kusinzia, ndiyo maana kila mtu anampenda.

Addis Ababa

Hapa tulikwama kutwa nzima. Ukungu ulishuka, ndege zikawa haziruki, watu wakatandika khanga na makoti chini. Mimi nilikuwa na njaa na hasira, na ukiwa na njaa na hasira kwenye nchi ambayo huwezi kumfokea mtu akakuelewa, unaumwa kichwa.

Mama mmoja jirani yetu akatuita kwa Kiswahili. Alikuwa anatoka Bukavu, anakwenda Toronto hukohuko kwa mwanawe. Akauliza, "Mama, mulishakula?" Hakungoja jibu, akafungua mfuko. Alikuwa na muhogo uliopondwa na kufungwa kwenye majani, mgumu kama sabuni ya mche, na samaki wa kukaanga. Tulikula kwa mikono pale chini, mbele ya duka la manukato. Kiswahili chake na changu vilipishana kama ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, lakini tulielewana.

Nikamweleza safari yangu. Akacheka, akanipa wosia. "Ukifika kwabo, angalia kitu banakupatia ya kwanza. Ile ya kwanza njo roho yabo."

Niliuchukua wosia ule nikauweka kifuani. Mimi mtu wa chakula. Nimeuza wali na maharage stendi miaka kumi na miwili kabla sijanunua mashine. Nikasema sawa, nitaangalia wananipa nini kwanza, ndipo nitajua roho zao.

Rexdale

Rehema anakaa ghorofa ya kumi na moja, mtaa unaitwa Rexdale, majengo marefu yamesimama kama maboksi ya viatu. Anafunga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Alitupokea kwa kilio na chapati. Siku ya pili akampeleka baba yake mdogo kwenye duka la mitumba kutafuta suruali, Athumani akarudi na tatu zenye mifuko mpaka magotini, akazivaa kwa raha zote.

Sasa kuhusu Kave. Anaendesha basi la barabara ya Kipling. Ndiko walikojuana, binti abiria wa alfajiri, kijana dereva. Nilipoambiwa dereva wa basi nilikunja uso. Madereva wa basi nawajua, nimewapikia. Wake zao nawajua, na wake zao wengine nawajua pia.

Kwa hiyo nilitaka kumwona kazini, bila yeye kuarifiwa. Rehema akatuonyesha kituo na saa, mimi na Athumani tukapanda. Basi halina konda. Watu wanapanda kimya, wakishuka wanamshukuru dereva kana kwamba kawapa lifti. Kituo kimoja alikuwepo mzee mwenye kigari cha kutembelea. Basi likapiga magoti upande mmoja kama ngamia, yule kijana akainuka kwenye kiti chake, akamshika mzee mkono mpaka akaketi, akamfungia breki za kile kigari, ndipo akarudi kwenye usukani. Hakuna abiria aliyeguna.

Mwisho wa njia tukabaki sisi tu. Akageuka, akanitazama, akasimama wima. "Shikamoo, mama." Matamshi yalipinda, lakini ilikuwa shikamoo. Kumbe alitujua tangu tulipopanda, Rehema alishamwonyesha picha. Nikamjibu marahaba, kavu, nisije nikampa kichwa mapema.

Thornhill

Ijumaa tukaitwa kwa mama yake. Anaitwa Bi Mahini, mjane kama mimi, mdogo wa umbo, mikono ya mtu aliyefanya kazi. Kiswahili hajui, Kiingereza chake kama changu, cha kuombea maji. Akatupokea kwa chai kwenye vikombe vya kioo, unabana donge la sukari kwenye meno halafu unakunywa. Mbele yetu komamanga limeshachambuliwa punje kwa punje, na matango mazima kwenye sahani ya matunda. Nikala tango kama tunda, mgeni hachagui.

Meza ikajaa. Palikuwa na mchuzi wa majani mweusi kama kisamvu kilicholala, una maharage na ndimu zilizokaushwa, uchachu wake unakuamsha. Palikuwa na kuku ndani ya rojo la jozi, zile karanga za kwao, zilizosagwa na komamanga, rangi ya tope la mto, ukiangalia huna hamu, ukionja huwezi kuacha. Na wali. Jamani, wali ule punje na punje hazijuani, juu umepakwa zafarani. Mimi mchele ndiyo kazi yangu. Nikasema moyoni, huyu mwanamke anajua.

Halafu akaingia jikoni, akarudi na sahani ya pili. Juu yake ukoko. Ukoko mzima wa sufuria, wa rangi ya dhahabu, umegeuzwa chini juu. Wote wakatulia. Akaukata, akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, akaniwekea mimi kwenye sahani yangu tupu, kabla ya wali wenyewe. Kwa mikono miwili. Anatabasamu.

Ukoko mnajua ni wa nani kwetu. Ni wa kuku, na watoto wanaogombania sufuria, na anayeosha vyombo. Na mimi nina langu zaidi, ambalo hata nyinyi sikuwahi kuwaambia. Nilipokuwa na miaka tisa nilipelekwa Iringa, kwenye nyumba ya watu, kulea mtoto wao na kuosha vyombo. Nilikaa miaka saba. Wao walikula wali mezani, mimi nilikula nilichokikwangua. Sikuwahi kuwekewa sahani. Siku nilipopika wali wangu wa kwanza kwa fedha yangu niliapa ukoko hautaingia tena kinywani mwangu.

Basi nilipokiona kile kipande, niliona wamenijua. Niliona wameniambia mahali pangu. Na ndicho kitu cha kwanza kuwekwa kwenye sahani yangu; chai na matunda sikuvihesabu.

Nikausogeza pembeni kwa kijiko. Nikala mchuzi mtupu, nikasema nimeshiba. Bi Mahini akaacha kutabasamu. Athumani, ambaye Mungu hakumpa macho ya kuona balaa, aliutafuna wake kwa mlio wa kuvunja kuni, akaumaliza, akachukua na wangu.

Kwenye teksi tukirudi Rehema alinieleza mara tatu kwamba kwao ukoko ndiyo heshima ya mgeni, kwamba mwanamke wa Kiajemi anapimwa kwa ukoko wake. Nikamwambia msichana anayetaka mume atakuambia hata moto ni wa baridi. Nikamwambia jibu langu ni hapana, na nitalitoa Jumapili, mbele ya wote.  Alilia kimya mpaka Rexdale, na mimi nikajifanya natazama taa za barabarani.

Njia ya kaskazini

Kwa nini Jumapili? Kwa sababu walikuwa wamekodi nyumba huko kaskazini, kwenye ziwa, familia mbili zikae pamoja siku mbili na mambo yazungumzwe hukohuko. Nilisema nitakwenda kwa sharti moja: chakula cha Jumapili napika mimi. Nilitaka wajionee mgeni anavyopewa wali, halafu ndipo wasikie jibu.

Kave yeye alidhani Ijumaa iliharibika kwa sababu ya lugha. Kwa hiyo Jumamosi alipokuja kutuchukua, kwenye gari alikuwa na mama yake na jirani yao, Bi Sakina, Mhindi mzaliwa wa Tanga, aliyehamia Toronto zamani na wazazi wake. Nywele nyeupe, ushungi mweusi, ulimi wa pwani. Akanisalimu kwa Kiswahili ambacho mimi wa bara nilikionea haya changu. Kisha akaulizia begi langu zito. Nikamwambia mchele.

"Mchele! Shoga, umevuka bahari na mchele. Si ungeniletea embe?"

Nilitaka kununa, nikashindwa.

Mnajua tulikuwa tunakwenda kutazama nini njiani? Majani. Wenzetu mti ukikaribia kupukutika wanafunga safari kwenda kuutazama. Nilicheka sana. Lakini nisiwe mnafiki: tulipotoka mjini na vilima vikaanza, nilibandika uso kwenye kioo cha gari. Mlima mzima mwekundu, unaofuata njano, unaofuata rangi ya bizari. Athumani aliamka, akasema "Subhanallah," akalala tena.

Tatizo ni kwamba mji wote ulikuwa umetoka. Ilikuwa wikiendi yao ndefu, ya kushukuru mavuno. Magari yakasimama. Tukatembea kama konokono saa nzima, halafu tukasimama kabisa, mpaka Kave akachepuka kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya kibanda cha kuuzia maboga. Upepo unakata masikio. Bi Mahini akafungua buti, akatoa chupa kubwa ya chai. Haikuwa na chai. Ilikuwa na supu nzito ya tambi, maharage, dengu na majani ya kijani, akaimwagia maziwa mgando na vitunguu vya kukaanga na nanaa. Tuliinywa tumesimama, tumeegemea gari, moshi unatoka vikombeni na midomoni. Joto lake lilishuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Familia ya Kichina iliyoegesha jirani ilikuwa inatutazama, Bi Mahini akawapelekea vikombe viwili bila kuulizwa.

Angekuwa mpishi mbaya, au mchoyo, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Bi Sakina alinichokonoa nina nini na mwenzangu, mbona simtazami usoni. Nikamwambia nitasema kwa sufuria.

Kwenye ziwa

Jumapili niliingia jikoni asubuhi, nikawatoa wote. Nilipika wali wa nazi kwa mchele wangu wa Ifakara, tui la kopo, Mungu anisamehe, na kuku wa kuchoma aliyerudishwa kwenye mchuzi. Makaa ya kupalia hakuna, nikautia wali ndani ya oveni upate moto wa juu. Ulitoka mweupe, laini, unanukia mpaka nje. Nikaupakua kwa uangalifu, wote wa juu, wote safi. Ukoko ukabaki chini, nikaumwagia maji, nikaiacha sufuria kwenye karo. Kama kawaida ya mtu yeyote mwenye adabu.

Walikula. Kave alirudia mara tatu. Bi Mahini alikula polepole huku amefumba macho, kama mtu anayesikiliza. Alipomaliza aliweka kijiko chini, akaangalia mlango wa jikoni. Akangoja. Kave naye akangoja. Mimi nilidhani wanataka chai.

Mwisho akainuka na sahani yake, akaenda jikoni. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Akachukua koti, akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi nje, mgongo umetuelekea. Bi Sakina akamfuata. Wakazungumza kwa kile Kiingereza cha kuunga walichokizoea wao kwa ujirani. Kisha Bi Sakina akarudi, akasimama mlangoni ameshika kiuno.

"Mama Rehema, ukoko umeupeleka wapi?"

"Nimeumwagia maji. Ulitaka niuweke wapi?"

"Mwenzio anasema Ijumaa alikupa ukoko wake, kipande kikubwa kuliko vyote, ukauchezea kijiko. Leo wako umeuzamisha majini, asionje hata punje. Anasema jibu amelipata, huna haja ya kulitamka."

Nikakaa. Meza nzima inanitazama, isipokuwa Athumani, aliyekwisha kujilaza kwenye kochi sebuleni.

Maneno ya Rehema sikuyaamini. Lakini mwanamke mzima hawezi kutoka nje kwenye baridi ile kwa ajili ya ukoko, kama ukoko si kitu kwake. Hilo nililiamini palepale. Kumbe nilikwisha kumjibu hapana, tena kwa lugha yake, tena kwa ukali ambao mimi mwenyewe sikuukusudia. Na binti yangu amekaa hapo, mikono mapajani, anatazama kitambaa cha meza.

Nikatoka bila koti. Nikakaa kwenye benchi karibu naye. Nikamwambia Bi Sakina atafsiri na asiongeze chumvi. Nikasimulia Iringa. Nyumba, mtoto, sufuria, miaka saba. Nilisema, "Mwambie sikuudharau ukoko wake. Mwambie niliogopa kurudi pale." Rehema alikuwa amesimama nyuma yetu. Naye hakuwa akijua. Nilisikia akivuta pumzi, nikaendelea, kwa sababu ningesimama nisingeanza tena.

Bi Sakina alikuwa akiyapeleka kwa Kiingereza kwa Kave, aliyetoka pamoja na Rehema, na Kave akimfikishia mama yake kwa Kifarsi.

 Bi Mahini akainuka, akanishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka jikoni. Akainamisha sufuria, akamwaga maji. Akachukua kijiko, akaukwangua ule ukoko uliolowa, laini kama uji sasa, akautia kinywani. Akatafuna, ingawa hapakuwa na cha kutafuna. Akatikisa kichwa kwamba ni mtamu. Bahati yake sikuwa nimetia sabuni.

Halafu akafungua jokofu. Alikuwa amekuja na mabaki ya Ijumaa, kayafunga kwenye karatasi. Akakipasha kipande cha ukoko wake kwenye kikaango na siagi mpaka kikalia. Akachukua sahani, sahani nzuri, ya maua, akakiweka katikati. Akavuta kiti. Akangoja niketi ndipo akaniwekea mbele yangu.

Nikala. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Nje mkavu, ndani laini, chumvi, siagi, zafarani. Nawaambieni ukweli, ni kitu kizuri. Nilikula nikamaliza, nikaomba kingine, na machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

Nikamtazama Kave, aliyesimama mlangoni kama mtu anayesubiri hukumu.

"Nimekubali," nikasema. "Muoe binti yangu."

Neno lenyewe fupi, lakini halikuwa na njia. Rehema ndiye angelitafsiri, na alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili. Kwa hiyo Bi Sakina akalichukua, akalipeleka kwa Kiingereza kwa Kave. Kave akalipokea, akafungua mdomo amwambie mama yake, akashindwa. Akajaribu tena. Bi Mahini anatutazama mmoja mmoja, kijiko mkononi, ndiye pekee asiyejua. Akampiga mwanawe bega aseme. Akasema.

Bi Mahini akatupa kijiko, akaweka kiganja mdomoni, akapiga vigelegele.

Mimi sikujua kama na wao wanavyo. Vilevile kabisa, kwa ulimi uleule, vinaanzia chini vinapanda. Nikamjibu vyangu vya Uluguru. Bi Sakina akaingia na vya Tanga. Wanawake watatu jikoni, vyombo vinatetema, na huko ziwani bata wakubwa waliokuwa wametulia wakaruka wote kwa pamoja.

Athumani akaja mbio kutoka sebuleni, peku, suruali ya mifuko imepinda, akauliza nani amejifungua.

Nikamwambia, "Vaa viatu, walii. Una kazi."